Mnavuka Tana Mkiwa Mmelala, Halafu Mnasema Hakuna Kitu

Rili yenyewe mnaijua. Sitaji ni ya nani maana ziko mia na zote zinafanana. Asubuhi wapenzi wawili wanashuka jeti ya Lamu, wanapiga picha na punda, wanazunguka vichochoro vya mji wa kale. Mchana pweza na wali wa nazi kule Shela. Jioni ndio yenyewe sasa: jahazi, tanga juu, mito ya kuegemea, juisi ya ukwaju mkononi, jua likizama kwa mikoko. Kepsheni: siku moja kisiwani na wangu.

Sina noma na Lamu. UNESCO haikuuweka ule mji kwenye urithi wa dunia 2001 kwa bahati mbaya. Noma yangu ni zile saa za basi ambazo huwa mnazikata kwa video. Ukitoka Mombasa ama Malindi kwenda Lamu kwa barabara, lazima upite kwetu. Unafika Minjila, unaiacha Garsen kando, unavuka Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000 tangu huko juu milimani. Na nyinyi mnauvuka mmelala mdomo wazi, simu imezimwa kusevu chaji ya kisiwani.

Ati huku hakuna kitu. Buda, delta yetu imo kwenye orodha ya Ramsar tangu 2012, yaani dunia nzima imekubali haya maji na hawa ndege ni wa kulindwa. Ule wimbo wa taifa unaousimamia wima, tuni yake imetoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Fumo Liyongo uliyemsoma shuleni ukakariri bila kuelewa, nenda Kipini uulize kaburi lake, utaonyeshwa. Na hapo hapo Kipini ndipo mto unaingia baharini. Panda boti upande juu hadi Ozi uone mikoko ikikuachia msitu. Hiyo ni kruzi, ama mpaka kuwe na kisiwa?

Mtasema mamba. Ni kweli wapo, na viboko pia, kwa hivyo hakuna kuruka majini mkijirekodi. Kaeni ndani ya boti mshikane mikono, si ndio mlichokuja kufanya?

Mtasema usalama. Hiyo naiheshimu, barabara ya Lamu imemwaga damu na sisi ndio tumezika. Lakini mmepita barabara hiyo hiyo kufika Mokowe! Hofu gani hii inawashika Minjila halafu inawaachia mkiona jahazi?

Sasa kinachoniuma zaidi. Kwa ile jahazi ya kitalii, wageni wanne wanavishwa laifu jaketi kabla kamba haijafunguliwa. Safi kabisa. Huku kwetu mafuriko yakija, boti ndio matatu. Mwisho wa 2023 El Nino ilikata barabara, na Aprili 2024 mto ukafurika tena. Watu wakapanda boti si kwa mahaba bali kwa sababu lami imekwisha. Moja ikapinduka upande wa Madogo, kaunti hii hii, ikiwa imebeba abiria. Wengine waliokolewa, wengine tuliwazika. Nyinyi mnalipia kupelekwa juu ya maji, na mama wa huku anavuka maji hayo akiwa amebeba mtoto na unga, bila hata kiboya.

Na Ozi ninayowaita muione, ile chumvi mnayoipigia picha ndiyo inayowamaliza. Bahari inapanda mtoni, inaingia mashambani, mpunga unakauka, miembe inakauka. Mtu aliyepoteza shamba lakini bado ana boti angeshukuru sana pesa ya wapenzi wawili kwa asubuhi moja. Hiyo pesa inapita hapa kila siku na dirisha la basi limefungwa.

Wakubwa wa Hola nao wasijifiche nyuma yangu. Sijaomba hoteli ya nyota tano wala tamasha la kukata utepe na kula pilau. Laifu jaketi. Kila boti inayobeba watu, awe ni mama anaenda kliniki ama ni mapenzi ya Nairobi yamekuja na droni. Na anayejaza boti kupita kiasi ashikwe kabla haijapinduka, si baada.

Kwa hivyo nyie wa Desemba: tiketi ya Lamu kateni, sijakataza. Ila mkirudi shukeni Witu, muingie Kipini siku moja. Bei elewaneni na mwenye boti kabla hamjapanda, mlipeni yeye mkononi, na maembe yakiwa yamefika msimu nunueni ndoo nzima, msiombe punguzo kwa mama ilhali jahazi mlilipa bila kuuliza.

Na kwa video msitukate.