Kupe asibebeshwe lawama zote

Makala yenu kuhusu vifo vya ndama imemshukia kupe peke yake. Kweli, utafiti wa IDEAL uliofuatilia ndama 548 huku kwetu Busia kuanzia 2007 ulionyesha kuwa ndigana kali, ugonjwa anaoueneza kupe, ndiyo muuaji mkuu. Lakini mwandishi ameiruka saa ya kuzaa. Mtamba mdogo wa kienyeji akipandishwa mbegu ya Friesian, ndama hukwama, hukosa hewa, hutoka ulimi umevimba na kuwa wa buluu. Huyo hasimami upesi wala hanyonyi, na kinga ya mama imo kwenye dang'a. Baada ya saa 24 utumbo hauipokei tena. Shemeji yangu wa Tororo humkamua mama na kumnywesha ndama polepole kwa chupa ya soda. Sisi huku tunangoja asimame mwenyewe!