Seli shina na upofu wa kurithi: Tumaini lipo, dukani halijafika

Na Mwandishi Wetu

MACHI 16, 2017, jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha katika toleo moja taarifa mbili kuhusu matumizi ya seli shina katika kutibu macho. Moja ilitoka Kobe, Japani. Nyingine ilitoka Florida, Marekani. Aliyezisoma zote mbili siku ile alipata somo ambalo kila familia yenye mgonjwa wa macho inapaswa kulijua kabla ya kufungua mkoba.

Taarifa ya Kobe ilimhusu mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 70. Septemba 2014, watafiti wakiongozwa na Dk. Masayo Takahashi wa taasisi ya RIKEN walimpandikizia katika jicho moja utando mwembamba wa seli, uliooteshwa maabara kutokana na ngozi yake mwenyewe. Mwaka mmoja baadaye utando ule ulikuwa bado mahali pake, na uwezo wake wa kuona haukupanda wala haukushuka. Mgonjwa wa pili alikuwa ameshaandaliwa, lakini seli zake zilipopimwa zikakutwa na mabadiliko ya jeni. Upasuaji wake ukasitishwa.

Taarifa ya Florida iliwahusu wanawake watatu wenye umri wa kati ya miaka 72 na 88. Mwaka 2015 walikwenda katika kliniki moja ya binafsi, wakatolewa mafuta tumboni, na kitu kilichoitwa seli shina kutoka katika mafuta hayo kikadungwa ndani ya macho yao yote mawili siku hiyohiyo. Kila mmoja alilipa dola 5,000. Ndani ya wiki moja walianza kupata matatizo: damu kuvuja ndani ya jicho, retina kubanduka, kuona kukapotea. Waliingia wakiwa na uoni hafifu. Walitoka wakiwa vipofu au karibu na upofu.

Wanawake hao wote wanne walikuwa na ugonjwa wa retina unaowapata wazee. Hata hivyo, somo lao linawagusa zaidi wale waliorithi kasoro ya macho kutoka kwa wazazi wao, kwa sababu hao ndio wanaoahidiwa sana tiba hii na ndio wenye njia chache zaidi za kuchagua.

Retina ni utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Katika ugonjwa uitwao retinitisi pigmentosa, unaokadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 4,000, seli za kupokea mwanga hufa polepole. Mgonjwa huanza kwa kutoona vizuri gizani, mara nyingi akiwa bado kijana. Kisha upeo wake hupungua mpaka akawa kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Katika ugonjwa wa Stargardt huharibika sehemu ya katikati, ile tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa kubadilisha lenzi. Seli za retina zikifa haziwezi kuota tena, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili.

Seli shina ni seli changa ambazo bado zina uwezo wa kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Mwaka 1998, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifanikiwa kuzitenga kutoka katika kiinitete cha binadamu. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto alionyesha, kwa kutumia panya, kwamba seli ya kawaida ya mwili inaweza kurudishwa katika hali hiyo ya uchanga. Mwaka uliofuata alifanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Hapo ndipo wazo la kuotesha retina mpya lilipoanza kuonekana si ndoto tena.

Swali la kujiuliza ni hili: kama sayansi imefika huko, kwa nini tiba haijafika hospitalini?

Sababu ya kwanza ni kwamba kupandikiza seli si sawa na kurudisha uwezo wa kuona. Seli ya kupokea mwanga lazima iungane na mishipa ya fahamu iliyopo, kama taa inayopaswa kuunganishwa na nyaya. Ndiyo maana watafiti wengi walianza na seli za tabaka la chini, zile zinazozilisha na kuzitunza seli za mwanga, kwa kuwa hizo hazihitaji kuunganishwa.

Sababu ya pili inahusu urithi wenyewe. Mgonjwa aliyerithi kasoro ya jeni anayo kasoro hiyo katika seli zake zote, zikiwemo za ngozi na za mafuta. Kuchukua seli zake na kuzirudisha jichoni bila kurekebisha jeni ni kurudisha kosa lilelile. Kwa hiyo watafiti hutumia seli za mtu mwingine, au hulazimika kurekebisha jeni kwanza. Anayemwambia mgonjwa wa namna hii kwamba mafuta ya tumbo lake yatamponya anapaswa kuulizwa maswali magumu.

Sababu ya tatu ni kwamba matokeo ya majaribio bado yanapingana. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha habari za wagonjwa 18 nchini Marekani, nusu yao wakiwa na ugonjwa wa Stargardt. Hawakupata uvimbe uliokuwa ukihofiwa, na zaidi ya nusu ya macho yaliyotibiwa yalionyesha nafuu. Lakini jaribio la wagonjwa 12 wa Stargardt nchini Uingereza, lililotangaza matokeo mwaka 2018, liliona nafuu ndogo ambayo ama haikudumu au ilionekana pia katika jicho ambalo halikutibiwa.

Hapo msomaji ataelewa kwa nini watafiti makini hutibu jicho moja. Jicho la pili ni shahidi. Aidha, ni akiba ya mgonjwa endapo mambo yataharibika. Wanawake wa Florida hawakuachiwa shahidi wala akiba.

Kobe nayo haikusimama. Oktoba 2020, hospitali ya macho ya jiji hilo ilimpandikizia mgonjwa wa retinitisi pigmentosa utando wa retina uliooteshwa kutokana na seli za mtu mwingine. Taarifa ya wagonjwa wawili, iliyotolewa mwaka 2023, ilieleza kuwa tando hizo ziliishi kwa miaka miwili bila madhara makubwa. Lengo lilikuwa kupima usalama. Hakuna aliyetangaza kuwa ameponya.

Ikumbukwe kwamba mpaka sasa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa magonjwa ya retina. Juni 2019 mahakama ya Florida iliipa mamlaka hiyo ushindi dhidi ya kliniki iliyokuwa ikiuza seli za mafuta. Nchini India, ambako wagonjwa wengi kutoka Afrika Mashariki hukimbilia, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2017 unaruhusu seli shina kama tiba ya kawaida kwa magonjwa ya damu tu. Matumizi mengine yote yanapaswa kuwa ndani ya jaribio lililosajiliwa.

Mfamaji haachi kutapatapa, na hakuna wa kumlaumu mzazi anayetaka kuuza kiwanja ili mwanawe aone. Lakini kabla ya kuuza, na aulize. Nani analipa? Katika jaribio halali, kwa kawaida mgonjwa halipii tiba inayojaribiwa. Ni jicho moja au yote mawili? Seli zimetoka wapi, na zimepimwa na nani? Nani atamfuatilia mgonjwa kwa miaka? Na asitosheke na jina la kliniki kuonekana katika orodha ya majaribio ya serikali, kwani kuorodheshwa si kuidhinishwa, na kliniki ya Florida nayo ilikuwa imeorodheshwa.

Wakati huohuo yapo ya kufanya leo. Wagonjwa wa retinitisi pigmentosa mara nyingi hupata pia mtoto wa jicho, ambaye anaweza kuondolewa. Kipimo cha jeni nacho kina thamani: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni iitwayo Luxturna kwa wenye kasoro katika jeni ya RPE65 pekee, ingawa bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Asiyejua jeni yake hawezi kujua ni mlango upi utamfungukia.

Watafiti wa Kobe walikuwa na mgonjwa aliyekuwa akisubiri, na seli zilizokwisha kuandaliwa, lakini walipoona dosari walisimama. Anayeuza tiba hii leo aulizwe kama amewahi kumwambia mteja wake arudi nyumbani.