Bima ya gari siyo kadi ya hospitali

Mimi mkono wa kushoto unagoma kidogo, hasa asubuhi kukiwa na baridi. Leo nakupa kisa cha mkono wenyewe, maana kuna somo nililipata kwa gharama kubwa, na wewe unalipata kwa bei ya gazeti tu.

Ilikuwa mwaka jana. Nilikwenda Chanika, Handeni, kumwona shangazi, jioni nikawa narudi zangu Korogwe. Ni kilomita kama 65, lami tupu. Pale stendi Hiace ilikuwa na watu watatu tu, na mimi nilikuwa na miadi na binti mmoja saa kumi na mbili. Mara akatokea jamaa na gari dogo, namba ya njano: “Korogwe, Korogwe, mmoja!” Wenyewe tunaziita michomoko. Nikachomoka nayo. Nyuma tulikaa wanne, tumebanana kama dagaa kwenye fungu.

Tulipoipita Sindeni, mbuzi akakatiza. Dereva alikuwa na simu sikioni. Gari likaserereka mpaka mtaroni, nikasikia “ka!” Nilidhani ni kioo. Kumbe ni mfupa wangu.

Kabla hata vumbi halijatulia jamaa akanifuata, anatetemeka: “Braza, tumalizane hapa hapa, tusiwasumbue polisi. Gari lina bima, hospitali usijali.” Akanionyesha bima kwenye simu, ile ile iliyotuponza. Kweli ilikuwa hai. Halafu akanitia mkononi shilingi 50,000. Kimoyomoyo nikasema freshi, bima itanitibu. Kidato cha nne nimemaliza, magazeti nasoma, lakini siku ile akili yote ilikuwa mkononi.

Hospitalini nikafika dirisha la malipo. Dada akauliza: “Una kadi ya bima ya afya au unalipa taslimu?” Nikamwambia nina bima ya gari. Akanitazama kama mtu aliyekuja kununua chapati kwa cheti cha ubatizo.

Ile elfu 50 iliishia kwenye eksirei, dawa na plasta ya kwanza. Wiki ya pili nikaambiwa mfupa haukukaa sawa, lazima uwekwe chuma. Mama akauza magunia manne ya mahindi aliyokuwa anayasubirisha bei ipande. Hayakutosha. Akauza na cherehani.

Mkono ulipopata nafuu nikamfuata mzee mmoja wakala wa bima.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Karatasi za polisi ziko wapi?”

Sina. Jina la dereva? Sijui. Namba ya gari? Nikakumbuka herufi mbili. Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu. “Sasa mwanangu, unamdai nani?”

Ndipo akanipa darasa. Sheria yetu inataka kila gari na kila pikipiki barabarani iwe angalau na bima ndogo. Watu wengi tunadhani bima hiyo ni ya kumtibu yeyote aliyeumia. Wapi! Kazi yake ni kubeba deni la mwenye chombo kwa mtu aliyemuumiza au kumuua. Hailipi kwa sababu umeumia. Inalipa kwa sababu yupo mwenye kosa, na kosa lenyewe limethibitishwa. Ile bima kubwa nayo inaongeza ulinzi wa gari la mwenye kukata bima. Wewe abiria, hesabu yako ni ile ile.

Wenzetu wengine wana utaratibu tofauti. Jimbo la Michigan, Marekani, tangu mwaka 1973 lina sheria kwamba ukiumia, bima ya gari lako mwenyewe ndiyo inayoanza kulipa matibabu, hata kama kosa ni lako. New Zealand tangu 1974 wana mfuko wa taifa unaomtibu aliyepata ajali bila kuuliza nani kakosea. Hapa Bongo kinachofanana na hayo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015. Dereva au kondakta aliyeajiriwa akiumia kazini, hahitaji kuthibitisha kosa la mtu ili alipwe. Lakini ule ni wa wafanyakazi. Mimi abiria simo.

Na mchomoko ndiyo kimeo zaidi. Namba ya njano maana yake gari binafsi, na bima yake mara nyingi imekatwa kwa matumizi binafsi. Kisheria, ulinzi wa lazima kwa abiria ni kwenye gari la kubeba abiria kwa nauli. Kwa hiyo kampuni ikigundua mlipa nauli alipandishwa kwenye gari binafsi, imepata mlango wa kukukwepa. Unabaki wewe na dereva, na dereva mwenyewe hana kitu.

Usinielewe vibaya, bima ndogo ina kazi yake. Mnakumbuka Januari 2025 pale Chang'ombe, Segera, wilayani Handeni? Watu walikusanyika kwenye ajali, likaja lori likawavamia, na zaidi ya watu 10 wakapoteza maisha. Mnakumbuka pia Februari 2023 kule Magira Gereza, Korogwe, Coaster iliyobeba waombolezaji ilipogongana na Fuso. Kwa misiba kama ile, sheria hii ndiyo inayompa mjane au mtoto mahali pa kudai fidia. Lakini fidia huja baadaye, tena kwa mwenye ushahidi. Hospitali ya leo unalipia wewe, au bima yako ya afya.

Kwa hiyo, msomaji wangu, likikukuta (Mungu apishie mbali) shika haya. Kwanza tibiwa, uhai hauna spea. Siku hiyo hiyo wewe au ndugu yako mkachukue PF3 polisi, daktari aijaze. Piga picha namba ya gari na uchukue jina la dereva na la mashahidi. Kama bima ni hai au feki, unaweza kuhakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima. Tunza kila risiti, hata ya panado. Usikae sana, maana kesi ya madai ya namna hii inatakiwa ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Kampuni ikikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mpelekee malalamiko yako.

Na mtu akikwambia “tumalizane” wakati mfupa wako bado haujapigwa hata picha, shtuka! Hapo hujui unachodai, yeye anajua anachokwepa.

Mimi nilikwenda polisi nikaandikisha, mzee alinisukuma. Lakini kumtafuta mtu usiyejua jina wala namba ni kufukuza upepo. Na yule binti? Alisubiri nusu saa, akaenda zake, hata simu hakupokea.

Juzi nilikuwa tena stendi ya Chanika. Jamaa mwingine, namba ya njano: “Korogwe, mmoja!” Nikapanda Hiace yenye watu wawili, nikakaa karibu saa nzima tukisubiri ijae. Kondakta akaniuliza mbona sina haraka. Nikamwambia nina haraka kweli, kuna cherehani natafuta hela ya kuinunua, ndiyo maana sitaki kuvunjika tena.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.