Vihisi vya mafuriko havitafaa bila king'ora kijijini

USIKU wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalifurika ghafla Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, yakasomba nyumba, magari, mifugo na watu waliokuwa wamelala.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ilikuwa imeonya kuhusu mvua kubwa msimu huo. Lakini utabiri wa eneo pana haumwelezi mkazi wa bondeni ni saa ngapi aamshe watoto na kufungulia mbuzi.

Pengo hilo linaweza kuzibwa na vihisi. Chombo hicho kidogo, kinachotumia nishati ya jua, hufungwa chini ya daraja, hupima kimo cha maji na kutuma ujumbe kupitia mtandao wa simu yanapopanda.

Hata hivyo, swali kuu ni kifungwe wapi. Wizara ya Maji ilieleza kuwa maji ya Mai Mahiu yalikusanyika nyuma ya handaki lililoziba chini ya reli, kisha yakapasua njia. Kihisi cha mtoni pekee hakingeiona hatari hiyo mapema.

Isitoshe, ujumbe wa usiku wa manane hukuta simu imezimwa. Ndiposa kila kihisi chahitaji king'ora na mzee wa kijiji anayejua njia ya kuwatorosha watu.

Sheria inaziruhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura. Heri zitumie sehemu ya fedha hizo kujikinga kuliko kusubiri kufukua miili matopeni.