JASHO LA MFANYAKAZI SI PUNGUZO LA BEI



Ndugu zangu wa Kagondo, Muleba na popote mlipo. Waajiri wetu wengi wana hoja moja: "Sheria za kazi zinatumaliza. Bidhaa za nje zinaingia kwa bei ya kutupa. Nikilipa saa za ziada, nafunga."

Tuseme kwa insafu: gharama ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, likizo siku 28 kwa mwaka, na mama aliyejifungua apate siku 84 zenye malipo. Ukivuka Mutukula, kima cha chini cha kisheria cha Uganda bado ni kile cha mwaka 1984: shilingi 6,000 za kwao kwa mwezi. Mzigo wa sheria haulingani.

Swali ni hili: nani aubebe?

Chukua sukari, maana kiwanda tunacho Missenyi. Sukari inayotoka nje ya Afrika Mashariki imewekewa ushuru wa kawaida wa asilimia 100, na serikali huupunguza nchi ikipungukiwa. Ngao hiyo anailipia nani? Wewe, kila unapotia kijiko kwenye chai. Umma umekubali bei ya juu ili kiwanda cha nyumbani kisife. Basi mwenye kiwanda yeyote aliyekingwa hivyo atapata wapi uso wa kumnyima mkata miwa haki yake?

Na asiye na ngao? Aende serikalini adai ushuru, adai nafuu ya kodi. Akae na wafanyakazi wake awaonyeshe hesabu. Asikate kimyakimya kwenye jasho la mtu.

Katika Surat Al-Qasas, Nabii Musa (a.s.) aliajiriwa Madyan kwa muda uliotajwa wazi, na mwajiri akaahidi kutomtaabisha. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, anayemtumikisha mtu kikamilifu kisha akamnyima ujira, hasimu wake Siku ya Kiyama ni Allah mwenyewe. Ushindani wa soko haukutajwa humo kuwa udhuru.

Nawe unayesoma, usiwatazame wenye viwanda tu. Kibarua anayekuvunia kahawa na dada wa kazi nyumbani kwako nao wana haki hiyo hiyo. Umewalipa?

Allah atujaalie tuwe waadilifu kwa walio chini ya mikono yetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.