Serikali ikifunga mitandao, barua pepe bado inapita

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, siku zile M23 inaingia Goma, X na TikTok zilifungwa katika DRC. Mwenye ndugu Goma alikuwa anazifungua na kuona duara linazunguka tu. Mbele ya hapo, mwezi huohuo, CSAC ilikuwa imesimamisha Al Jazeera kwa siku 90 kisa mahojiano na Bertrand Bisimwa wa M23. Waziri wa Sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, alikuwa tayari ameandika kwamba atakayetangaza shughuli za jeshi la Rwanda na M23 atakutana na sheria kali, hata hukumu ya kifo. Watu waliohitaji habari kuliko siku nyingine zote ndio waliofungiwa mlango.

Mkongomani anaijua tabia hii. Disemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe wa SMS ulikatwa kwa wiki kadhaa. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Disemba 2016, muhula wa Rais Kabila ulipofika mwisho, mitandao ya kijamii ilifungwa. Halafu tarehe 31 Disemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti yote ilizimwa kwa siku karibu 20. Mshauri wa Rais, Barnabé Kikaya, alisema ni kwa kuzuia matokeo ya uongo yasienee. CENI ilitangaza matokeo ya muda usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari nchi ikiwa bado gizani, na mawimbi ya RFI nayo yalikuwa yamekatwa. Uongo haukukosa njia hata hivyo. Ulipita kwa mdomo, na aliyetaka kuuhakikisha hakuwa na pa kuangalia. Wa Goma na Bukavu walitafuta kadi za simu za Rwanda, wa Kinshasa walisogea kando ya mto kutafuta mtandao wa Brazzaville. Wa Kananga je?

Kuna kufunga kwa namna mbili, na ni vizuri msomaji azitofautishe. Intaneti ikizimwa yote, kama 2018, barua pepe haisaidii kitu. Inabaki redio ya mawimbi mafupi na kadi ya ng'ambo ya mpaka. Lakini mara nyingi serikali inafunga WhatsApp, Facebook, X au tovuti ya gazeti fulani, huku mabenki, mashirika na wizara zenyewe zikiendelea kufanya kazi. Hapo barua pepe inapita, kwa sababu kuizuia ni kuzuia pia kazi ya serikali. Gazeti ambalo tovuti yake imefungwa linaweza bado kufika kwa msomaji asubuhi. Barua ya maandishi matupu ni nyepesi, inashuka hata mtandao ukiwa dhaifu, na ikishashuka inasomwa bila megabaiti.

Kupita ni kitu kimoja, usalama ni kitu kingine. Mwaka 2004 mwandishi wa habari wa China, Shi Tao, alituma ng'ambo kwa barua pepe ya Yahoo maagizo ambayo chama tawala kilipa magazeti juu ya kumbukumbu ya Tiananmen. Yahoo ilitoa habari za akaunti yake kwa polisi. Alihukumiwa miaka 10 na akakaa gerezani zaidi ya 8. Hakuna aliyevunja kufuli: aliyetunza barua ndiye aliyefungua. Kwa hiyo anwani ya kazini, ile inayosimamiwa na fundi wa ofisi, si mahali pa kupokelea habari ambazo mkubwa hataki zisomwe.

Kwetu hatari ya kwanza hata si kampuni, ni simu yenyewe. Stanis Bujakera alipokamatwa uwanja wa ndege wa N'djili, tarehe 8 Septemba 2023, simu zake na kompyuta vilichukuliwa. Alitoka gereza la Makala baada ya zaidi ya miezi 6. Katika maeneo yaliyo mikononi mwa M23, ambako redio zimefungwa au kuporwa na waandishi wengi wamekimbia, mtu anaogopa kizuizi cha barabarani kuliko CSAC. Simu ikishikwa ikiwa wazi, neno la siri gumu halina maana. Kichwa cha barua kinachojitokeza kwenye kioo kinatosha kumtia mtu mashakani, basi kizimwe. Na barua iliyofutwa haijaondoka: kwenye Gmail inalala kwenye takataka siku 30, mpaka mwenyewe aende kuimwaga.

Wengi wanalinda akaunti kwa namba inayokuja kwa SMS. Ni vizuri, mpaka siku SMS zinakatwa na mwenye akaunti anabaki nje ya mlango wake mwenyewe. Namba za akiba zinazotolewa na akaunti ziandikwe kwenye karatasi leo, na karatasi ibaki nyumbani.

Vyombo vya habari navyo vina deni. Vingi vinatuma kichwa cha habari na kiungo tu, ili msomaji aje kwenye tovuti na matangazo yahesabiwe. Tovuti ikifungwa, barua hiyo ni bahasha tupu. Habari itumwe nzima, bila picha. Na orodha ya wasomaji ifichwe: gazeti linaloweka anwani zote wazi juu ya barua limewapa wapelelezi majina bila kuombwa. Lin Hai wa Shanghai alihukumiwa kifungo mwaka 1999 kwa kutoa anwani 30 000 kwa jarida la wapinzani lililotumwa kwa barua pepe. Orodha ina thamani, na wanaoitafuta wanajua.

Uchaguzi mwingine wa rais unatazamiwa 2028. CSAC na wizara zina muda wa kusema mapema, kwa maandishi, nani anaweza kutoa amri ya kufunga, kwa sababu gani, kwa siku ngapi, na raia atalalamika kwa jaji gani. Mpaka sasa raia anajua mtandao umefungwa pale tu simu inaponyamaza.