ALIYELITIA ZIWA NJAA NDIYE ALILISHE



Shamba likichoka, mkulima hulitia mbolea. Lakini kulitia ziwa mbolea ili lizae samaki, wengi wetu tukisikia tutacheka. Hata hivyo jambo hilo lipo, na lina mafundisho kwetu sisi tunaokula kwa jasho.

Huko Kanada, katika jimbo la British Columbia, kuna ziwa liitwalo Kootenay. Ndani yake yumo samaki aitwaye kokanee, jamii ya samoni asiyekwenda baharini. Kokanee hula vijidudu vya majini, vijidudu hula mwani, na mwani hustawi kwa rutuba iletwayo na mito, hasa fosforasi. Mwaka 1967 likamalizika bwawa la Duncan, na katika miaka ya 1970 bwawa la Libby upande wa Marekani, ili kuzuia mafuriko na kupata nguvu za umeme. Rutuba ikabaki nyuma ya kuta za mabwawa. Maji yaliyofika ziwani yalikuwa maangavu lakini matupu. Ziwa likashikwa na njaa, samaki wakapungua.

Basi tangu mwaka 1992 mbolea ya maji imetiwa kwa chombo upande wa kaskazini, na tangu 2004 upande wa kusini pia. Haimwagwi ovyo. Hutiwa kidogo kidogo, majira ya joto, na wataalamu huyapima maji wasije wakazidisha. Kokanee wakaongezeka sana.

Na nani alipa? Hapo ndipo pa kutega masikio. Kaskazini, fedha nyingi hutoka katika mpango wa fidia unaogharimiwa na BC Hydro, shirika la umeme. Kusini zimetoka kwa Bonneville Power Administration, shirika la Marekani liuzalo umeme wa mabwawa. Aliyefaidika na bwawa ametakiwa alitibu ziwa. Hiyo ndiyo haki.

Lakini tusidanganyike kwamba mbolea pekee yatosha. Mwaka 2015 kokanee waliorudi kutaga hawakufika 20,000, ilhali miaka michache nyuma walipita milioni moja. Mbolea ilikuwa ikitiwa vile vile. Trauti, samaki wakubwa wanaomla kokanee, walikuwa wamezidi. Ikabidi mayai ya kokanee yaletwe kutoka kwingine, na watu waruhusiwe kuvua trauti wengi zaidi.

Sasa tugeuke kwetu. Mtu asije Kisumu na mapipa ya mbolea akisema ameleta dawa ya Kanada. Ziwa Victoria halina njaa, limevimbiwa. Udongo na mbolea za mashamba, maji machafu ya miji na ya viwanda, vyote hushukia humo. Mwani umezidi, na maji ya chini hukosa hewa. Tena mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, aliwala fulu hata aina nyingi zikatoweka. Gugu maji nalo limetusumbua tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Likiziba ufuko, mvuta nyavu hapati ujira siku hiyo, na mama mchuuzi hana cha kuuza.

Ugonjwa wetu ni kinyume cha ule wa Kootenay, kwa hiyo dawa yetu ni kupunguza, si kuongeza. Lakini kanuni ya malipo ni ile ile. Mara nyingi samaki wakipungua, wa kwanza kulaumiwa ni mvuvi. Hufungiwa ziwa, hunyang'anywa nyavu. Nyavu haramu ni mbaya, hatuzitetei. Lakini mbona mwenye bomba la uchafu hafungiwi bomba lake?

Maombi yetu ni matatu. Maji ya viwanda na ya miji yasafishwe kabla ya kuingia ziwani, kwa gharama ya wanaoyachafua. Vipimo vya maji vibandikwe kwenye fuo, kwa lugha tunayoisoma. Na wafanyakazi wa samaki wawe na kiti katika kila baraza linaloamua habari za ziwa.

Kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao. Umoja ni nguvu.